Malipo Bila Mlipaji: Dhana ya Karma katika Mizani ya Kiswahili

Neno karma limekwisha kuingia katika mazungumzo ya Kiswahili cha mjini, na kama yalivyo maneno mengi yaingiayo kwa mlango wa uani, limeingia bila mizigo yake. Hutajwa mwizi anapoibiwa, mchumba msaliti anaposalitiwa, au mkubwa aliyewafukuza wenzake kazini naye anapofukuzwa. Katika matumizi hayo neno halizidi maana ya methali ya siku nyingi, mchimba kisima huingia mwenyewe, na lau jambo lingekomea hapo pasingekuwa na haja ya kulihakiki. Halikomei hapo. Katika insha za wanafunzi, na mara nyingine katika uhakiki wa watu waliokwisha kuvuka daraja la uanafunzi, hadithi yoyote ya Kiswahili ambayo mwovu wake huadhibiwa mwishoni husemwa kuwa inaonyesha karma. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ndiyo itajwayo kwanza. Ndugu wawili wahaini wamegeuzwa manyani: je, msomaji anataka ushahidi gani zaidi? Anapaswa kutaka ushahidi mwingi zaidi, na wa namna nyingine.

Asili ya neno ni Kisanskriti, na mzizi wake una maana ya kutenda. Karma, basi, ni tendo. Katika taratibu za Veda za kale tendo lililohusika hasa lilikuwa tendo la ibada: kafara iliyofanywa sawasawa iliaminika kuzaa matokeo yake. Mageuzi makubwa yanaonekana katika Upanishadi. Katika Brihadaranyaka, mojawapo ya zile za kale zaidi, Artabhaga anamwuliza Yajnavalkya mtu huwa wapi baada ya kufa, sauti yake ikiisha kurudi katika moto, pumzi yake katika upepo, na jicho lake katika jua. Yajnavalkya hamjibu mbele ya hadhara. Anamshika mkono, wanajitenga, na huko faraghani wanazungumza juu ya tendo tu: kwamba mtu huwa mwema kwa tendo jema na huwa mwovu kwa tendo ovu. Inafaa kukiangalia kitenzi hicho. Haikusemwa kwamba mtu hulipwa wema. Imesemwa kwamba huwa mwema. Tendo halimletei mtu ujira kutoka nje. Linamfinyanga, naye anakuwa kile alichokitenda.

Ajabu moja ya lugha yastahili kutajwa hapa. Mswahili wa zamani angalilipachika neno hilo irabu ili kulainisha ulimi, nalo lingetoka karama. Lakini karama, neno lenye asili ya Kiarabu, tayari lina makao yake katika Kiswahili, na maana yake imekaa upande wa pili kabisa: ni kipawa, ni heshima au muujiza ambao mja hujaliwa bila kuufanyia kazi. Karama hutolewa. Karma hutendwa. Maneno mawili yakaribianayo hivyo kwa sauti na kutengana hivyo kwa imani si rahisi kuyapata. Wanaoandika karma kwa namna ya karne wamefanya vyema kutolitia irabu.

Bahari ya Hindi imeiletea pwani ya Afrika Mashariki maneno mengi kutoka Bara Hindi: pesa, rupia, laki, hundi, bima, bepari, gari, chapati, bangili. Orodha hiyo ni ya duka, jiko na forodha, na ni vigumu kupata ndani yake neno la hekalu. Mswahili alimjua Baniani kwa karne nyingi, akamtungia na methali kwamba ni mbaya ila kiatu chake dawa, lakini hakumwuliza anaamini nini juu ya kufa. Sababu yake haijifichi. Mfanyabiashara wa Kihindu au wa Kijaini hakuja kuhubiri, na mwenyeji wake alikuwa na dini yake iliyokwisha kujibu swali hilo. Hata ginani za Makhoja wa Kiismaili, ambamo mawazo ya mzunguko wa kuzaliwa yalichanganyika na mafundisho ya Kiislamu, ziliimbwa Zanzibar na Mombasa kwa lugha za huko zilikotoka. Wahindu husimulia kwamba roho hupitia namna za viumbe laki themanini na nne. Kiswahili kiliichukua laki hiyo, kikaitumia kuhesabia fedha.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuieleza karma kwa Kiswahili hana budi kutumia msamiati uliokwisha kuwekwa rehani kwa imani nyingine. Maneno yaliyo karibu naye ni malipo, jazaa, hesabu, majaaliwa, kudura, ajali, laana. Mawili ya mwisho wa orodha ya Kiislamu, kudura na ajali, yanaweza kuwekwa kando upesi, na majaaliwa pamoja nayo. Majaaliwa ni kutendwa: yuko aliyejaalia. Mtu akisema kwamba umaskini wake ni majaaliwa, anasema kwamba haukutokana na yeye. Akisema kwamba ni karma yake, anasema kwamba haukutokana na mwingine yeyote. Kuyafasiri maneno haya mamoja kwa lingine, kama ifanyikavyo, ni kumwita mkopeshaji mdaiwa.

Neno gumu ni malipo. Linashawishi kwa sababu linaelekea kufaa, na hatari yake imo katika sarufi. Kitenzi lipa hudai watu wawili na kitu kimoja: alipaye, alipwaye, na kilipwacho. Katika kauli ya kutendwa, mtu alilipwa ubaya wake, mlipaji anaweza kunyamaziwa lakini hafutiki. Msikilizaji ana haki ya kuuliza alilipwa na nani. Katika Uislamu na Ukristo swali hilo lina jibu, tena jibu ndilo kiini cha imani. Sura ya Zilzala yasema kwamba wema na uovu wenye uzito wa chembe utaonwa na aliyeutenda, lakini siku ya kuonwa ina Mwenyewe. Paulo anawaandikia Wagalatia juu ya kupanda na kuvuna, na sentensi hiyo hiyo inaanza kwa kuonya kwamba Mungu hadhihakiwi. Mizani ina mshikaji.

Methali inayopendwa zaidi katika jambo hili, kwamba malipo ni hapa hapa duniani na akhera ni hesabu, ina utundu ambao haujaangaliwa vya kutosha. Katika biashara yoyote hesabu hutangulia malipo. Hapa malipo yametangulia, na hesabu imewekwa nyuma, kana kwamba dunia hulipa kwa kukisia na daftari hufunguliwa baadaye. Inawezekana kwamba methali hii inashona vitambaa viwili: ule wa jadi za Kibantu, ambazo adhabu yake ni ya hapa hapa, na ule wa Uislamu, ambao hukumu yake ni ya kiyama. Methali haikuchagua. Imeupa kila upande nusu yake, na Waswahili wameishi na mshono huo kwa raha.

Karma, kwa namna yake iliyo kali, haina mshikaji wa mizani. Wajaini, ambao baadhi yao wamejenga mahekalu Mombasa, Nairobi na Thika, hawamkiri Mungu muumba. Kwao karma ni kitu hasa, chembe nyembamba zisizoonekana ambazo hunata katika nafsi kama vumbi linatavyo katika mwili uliopakwa mafuta. Ghadhabu na tamaa ndizo mafuta. Vumbi halisamehewi, huondolewa, na linaondolewa kwa kufunga, kwa kujinyima, kwa kutomdhuru hata mdudu. Mtu anayemwomba mola wake msamaha na mtu anayejisugua vumbi hawafanyi kazi moja.

Buddha alilihamisha tendo kutoka mkononi hadi moyoni. Kwake karma ni nia: anayekanyaga chungu bila kujua na anayekusudia kumkanyaga hawajatenda jambo moja. Isitoshe, alikana kuwako kwa nafsi ya kudumu, na hapo pakazuka tatizo ambalo wapinzani hawakuliacha lipite. Ikiwa hakuna nafsi iendayo kutoka maisha haya hadi yale, ni nani avunaye? Katika Maswali ya Milinda, kitabu cha mahojiano kati ya mfalme Myunani na mtawa Nagasena, jibu linatolewa kwa mfano ambao mtu wa pwani atauelewa bila mfasiri. Mtu ameiba maembe. Aliposhtakiwa akajitetea kwamba maembe aliyoyachukua siyo yale aliyoyapanda mwenye shamba, kwa kuwa yale yaliyopandwa yalioza ardhini zamani. Je, aachiliwe? Mfalme anakiri kwamba hapana, kwa sababu maembe haya yametokana na yale. Mvunaji si yule yule, wala si mwingine. Methali za Kiswahili za kupanda na kuvuna hazikuwahi kuulizwa swali hilo, kwani mpandaji wake amesimama shambani mwenyewe hadi mavuno.

Haifai kudhani kwamba Wahindu wote wanakubaliana juu ya kutokuwako kwa mlipaji. Sutra za Brahma zinahifadhi hoja hiyo wazi: Jaimini ashikilia kwamba tendo la haki huzaa tunda lake lenyewe, na Badarayana ajibu kwamba tunda hutolewa na Bwana. Bhagavad Gita nayo inalizungusha jambo kwa kumtaka Arjuna atende bila kulitamani tunda. Kwa hiyo anayesema Wahindi huamini karma hajasema neno bado. Anapaswa kueleza ni Wahindi gani, wa madhehebu gani, na mlipaji wao yuko wapi.

Sasa hadithi ya Shaaban Robert inaweza kurejewa. Adili, liwali wa Janibu, huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwalisha na kuwalilia. Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa kumwonea wivu juu ya Mwelekevu, binti aliyemkuta peke yake katika mji ambao watu wake walikuwa mawe. Huria, binti wa kijini aliyewahi kuokolewa na Adili, ndiye aliyemwopoa, akawageuza ndugu zake, akamwamuru awachape. Mfalme Rai anapata habari, anaingilia kati, na kwa maombezi yake ndugu wanarudishiwa ubinadamu wao. Mifupa ya hadithi inafanana na ya Abdullah bin Fadhil wa Basra katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu huwa mbwa.

Dalili ya kwanza inayoikana karma imo katika majina. Hasidi alikuwa hasidi siku aliyopewa jina, kabla hajamtamani mtu wala kumhusudu. Vivyo hivyo Mwivu. Vivyo hivyo Adili. Kwa Yajnavalkya tendo humfanya mtu. Kwa Shaaban Robert, mtu amekwisha kufanywa, na tendo linakuja kulithibitisha jina. Hili si kosa la mtunzi, maana ndiyo desturi ya hadithi za mafumbo, lakini lina gharama yake: msomaji haoni saa ambayo Hasidi angaliweza kuwa mtu mwingine. Hakuna njia panda. Penye karma lazima pawe na njia panda, la sivyo neno tendo halina maana.

Dalili ya pili ni kwamba mlipaji yupo, tena ana sura, ana sauti, na ana deni la shukrani. Huria anawaadhibu ndugu kwa sababu ya ihsani aliyotendewa na Adili. Huo ni ulipaji wa wema kwa mwenye wema na wa ubaya kwa mwenye ubaya, mambo ya watu na majini waliofungamana kwa fadhila. Na kwa kuwa mlipaji yupo, anaweza kuombwa. Rai anaomba, na adhabu inaondolewa. Mjaini angeshangaa: vumbi limekwenda wapi? Shaaban Robert hana vumbi. Ana kosa, ana hukumu, ana maombezi, ana msamaha, na mpango huo wote umekaa barabara katika Uislamu wa pwani na katika imani yake, inayorudi kitabu baada ya kitabu, kwamba utu unaweza kurejeshwa.

Unyani wenyewe nao si ule wa Kihindi. Ndugu wamegeuzwa wangali hai, akili zao ziko, wanaielewa aibu yao. Mnyama hapa ni gereza. Katika Jataka, hadithi za kuzaliwa kwa Buddha kabla ya kuzaliwa kwake kwa mwisho, mnyama mara nyingi ni mwema kuliko mtu: nyani mkuu anajinyosha juu ya mto awe daraja ili kundi lake lipite mgongoni mwake na kuokoka. Kuwa nyani huko ni hatua katika safari ndefu. Kwa Shaaban Robert ni kuvuliwa nguo hadharani.

Lakini liko jambo moja ambalo kipimo cha karma, ingawa hakiifai hadithi, kinalifunua vizuri kuliko vipimo vilivyozoeleka. Nalo ni mjeledi. Uhakiki uliozoeleka humwona Adili kuwa mwema asiye na doa anayetii amri kwa machozi. Kwa jicho la Buddha au la Mjaini, kila fimbo ni tendo la Adili. Hata nia yake ikiwa ya huruma, mkono wake unachapa, na usiku baada ya usiku unazoea. Adhabu ya ndugu imempa yeye kazi ya unyampara. Mtunzi analijua hilo kwa kiasi fulani, ndiyo maana kuna machozi, chakula na kukumbatiana, lakini halifuatilii. Baada ya msamaha hadithi haiulizi zile nyakati za usiku zimemfanya Adili kuwa mtu gani. Hapo ndipo uhakiki ungepaswa kukaa, badala ya kubandika karma juu ya jalada na kwenda zake.

Jadi za Kiafrika zinaongeza utata ambao tafsiri ya haraka huufuta. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alishikilia kwamba kwa watu wengi wa bara hili adhabu ya makosa ni ya maisha haya, si ya akhera. Chira ya Waluo ni mfano wa karibu. Mwiko ukivunjwa, kudhoofika na kifo vinaweza kumwangukia mvunjaji, au mtoto wake, au mke, au mji mzima. Kuna ufanano na karma, kwani tendo linaelekea kuzaa lenyewe bila hakimu kuketi. Tofauti ni njia lipitayo. Karma husafiri na mtendaji yule yule kutoka maisha hadi maisha, haimgusi jirani. Chira husafiri katika damu na ndoa, haingojei maisha mengine. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iko karibu zaidi na njia hii ya pili, ingawa imevaa mavazi ya Kikristo: ukali na ulevi wa Zakaria unapandwa Ukerewe, na anayevuna hadi kujiua ni binti yake. Kuisoma riwaya hiyo kwa kusema kwamba Rosa alilipwa matendo yake ni kumwachilia baba mlangoni mwa mahakama.

Uhakiki wa vitabu unakutana hapa na maisha ya watu. Ukimwi ulipoenea katika ukanda wa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1980, wengi waliuita chira, na aliyeugua akawa na mashtaka mawili badala ya ugonjwa mmoja. Huko India hoja ya namna hiyo ni ya kale. Upanishadi ya Chandogya yasema kwamba wa mwenendo mzuri huingia katika tumbo la Mbrahmani au la matabaka mengine ya juu, na wa mwenendo mbaya huingia katika tumbo la mbwa, la nguruwe, au la chandala, yaani mtu aliyetengwa na jamii. Mtu na mnyama wamewekwa katika orodha moja, na fukara amefanywa shahidi wa dhambi asiyoikumbuka. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa waliotengwa, aliuacha Uhindu hadharani mjini Nagpur tarehe 14 Oktoba 1956, akaingia dini ya Buddha pamoja na wafuasi wake malaki kwa malaki. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1957, baada ya kufa kwake, alikataa kwamba Buddha alifundisha karma ya kurithiwa kutoka maisha yaliyopita. Wanazuoni wengi hawakubaliani naye katika hilo. Sababu ya kukataa kwake, hata hivyo, hakuna anayeweza kuidharau.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali na maandiko yenyewe ili kumpinga anayemlaumu mgonjwa. Rafiki zake Ayubu walikuwa na nadharia kamili ya malipo, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Wanafunzi wa Yesu wanauliza juu ya kipofu wa kuzaliwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lililobeba njia zote mbili, ya mtu mwenyewe na ya ukoo, na jibu linazifunga zote. Buddha naye aliulizwa na Sivaka kama ni kweli kwamba kila analolihisi mtu, la raha au la taabu, limetokana na matendo yake ya zamani. Akajibu kwa kuhesabu sababu: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hayo, mabadiliko ya majira, kutojitunza, madhara ya ghafula, na ya nane ndiyo karma. Wanaosema kwamba yote ni karma, alisema, wanapita kiasi cha wanachokijua.

Mfasiri anayetaka kufanya kazi yake kwa uangalifu atafaidika na kauli ya kutendeka. Tendo hulipika, badala ya mtu hulipwa. Kiambishi hicho kinaruhusu jambo litokee bila mwenye kulitenda kutajwa wala kudaiwa. Tunda na mavuno ni bora kuliko ujira na jazaa, kwa kuwa shamba halihitaji karani. Kuna hata neno ambalo Wahindi wenyewe hulitumia kwa matokeo ya tendo, vipaka, ambalo maana yake ya asili ni kuiva, na Kiswahili kinalo kuiva tayari, kwa embe na kwa jipu pia. Ugumu unabaki katika kuiva kwa tendo la mtu aliyekwisha kufa ndani ya maisha ya mtu asiyemkumbuka. Kwa hilo Kiswahili hakina neno moja, na sentensi ndefu yenye kueleza wazi ingefaa kuliko neno fupi la kuazima.